Mtoto Wako Ameomba Sosi

Orange Mound, Memphis

Mpendwa Kaka Lemuel,

Pokea salamu za nyumbani. Natumaini wewe na wifi Corinne hamjambo huko Seattle. Mimi ni mzima, ila goti linasumbua. Habari za Baba nitakupa.

Mwanao Darnell alifika salama, na mdomo wake akaja nao. Hata begi hajaweka chini, akaniuliza, "Shangazi, huu mji ulipigwa bomu lini, mbona sisi hatukusikia?" Akasema mashimo ya barabara yetu yanafaa kufugia kambare, na kwamba mto wetu Mississippi ni maji ya kuoshea vyombo ambayo mtu amesahau kuyamwaga. Ningesema mimi hayo, kanisa zima lingeninunia. Yeye kina mama wa kwaya walimchekea hadi kofia zikaenda upande, kisha wakamfungia keki.

Jumamosi Baba aliwasha jiko la pipa. Unamjua: mbavu za nguruwe anazochoma ni za viungo vikavu, na anayeomba sosi huondoka mezani. Mimi niliomba nikiwa mdogo, nikamalizia chakula changu nje kwenye ngazi, nalia. Mwanao alionja, akasema mbele ya majirani, "Babu, tamu, lakini kavu kama mahubiri. Sosi iko wapi?" Nilifurahi, sikufichi, nikangoja afukuzwe.

Baba alicheka mpaka akashika mbavu, akanituma mimi dukani kununua sosi. Niliporudi nikamkuta Darnell ameshika brashi ya siki, anapaka nyama, mzee anamwelekeza. Mimi ndiye ninayemwogesha Baba, na brashi hiyo sijawahi kuruhusiwa kuigusa. Niliona wivu, Kaka. Nilimwonea mwanao, nikakuonea wewe zaidi, maana Baba alimwita Lemuel na wala hakujisahihisha.

Sasa nikwambie ninalolikwepa. Moyo wa Baba umechoka, na daktari hatupi matumaini ya kufika Krismasi. Tangu Pasaka amekuwa akinibembeleza nikuandikie urudi, kwamba ugomvi wenu yeye ameshausamehe. Nilimjibu kwamba nimekuandikia na hujajibu. Sikukuandikia. Wewe uliondoka, mimi nikabaki, na nilitaka siku zake hizi chache ziwe zangu peke yangu.

Jana, tukiwa barazani, alimuuliza Darnell kwa nini baba yake ni mgumu hivyo hata hajibu barua. Darnell akasema hakuna barua iliyowahi kufika kwao. Baba alinitazama. Kisha akamwambia mjukuu wake, "Hii posta ya Memphis, mjukuu wangu, ni ovyo kabisa. Hata hilo lichekee."

Nimeshindwa kulala. Njoo, Kaka, njoo upesi. Ukiingia mlangoni nitakuonea wivu tena, najijua, lakini njoo.

Msalimie wifi na wote wanaotukumbuka.

Ni mimi dada yako,
Earline