Msalaba Uliosuguliwa

Wewe uliyelifungua daftari hili, sikujui, lakini nakusihi: hata neno moja lisitoke mdomoni mwako. Usimwambie padri, usimwambie jirani, usimwambie mke wangu zaidi ya anayoyajua tayari. Lirudishe chini ya gunia la unga, ulipolikuta.

Jumapili, 5 Julai 1953

Baridi. Midomo imepasuka. Tulipotoka misa tulimkuta yomba Kapya, kaka yake mama, amekaa mlangoni, vumbi la lori la Lukafu limemjaa mpaka kwenye nyusi. Ndani ya koti lake – kitu kizito, kimefungwa kwa kitenge.

Msalaba wa shaba! Fedha ya wazee, ya kabla ya franka, waliyonunulia chumvi na mbuzi. Ile ya kawaida ina mikono minne kama X. Huu umekaa kama herufi H, kijani kibichi kwa kutu. Wa namna hii niliuona kwenye picha tu, ofisini.

Aliupata akichimba choo. Mzungu wa usafi alipita akaamuru kila nyumba iwe na shimo lake. Nikamwuliza kama mlikuwa na kitu kingine mle shimoni. Akatazama miguu yake. Udongo tu, akasema.

Anataka niuuze kwenye mnada wa bwana wangu. Nikamwambia ni hatari. Akacheka: karani mzima na tai shingoni, anaogopa kipande cha mukuba, shaba tu? Yeye shida yake ni moja, kinga, yaani baisikeli. Kutoka shambani mpaka barabara ya lori anabeba mihogo kichwani, na shingo sasa inakataa.

– Nataka kinga, muipwa, akaniambia mimi mpwa wake. Ya kengele.

Jumatatu, 6 Julai

Mfanyakazi haruhusiwi kuingiza mnadani mali yake wala ya ndugu zake. Bwana Constantin alinisomea sheria hiyo siku ya kwanza, kidole juu. Leo nilimwambia kuna mkulima wa Lukafu mwenye kitu cha zamani. Sikusema uongo. Sikusema yote pia.

Akasema kilete Jumamosi, akanituma niandike karatasi yake. Niliandika vizuri. Barua yangu ya kuombea kadi ya mérite civique, ile serikali inayompa mtu mweusi mwenye sifa njema, imo katika droo yake tangu Pasaka, inangoja sahihi. Kila akivuta ile droo, naacha kuandika.

Alhamisi, 9 Julai

Tumeusafisha. Kwa mapadri mimi ndiye niliyesugua vikombe vya kanisa, najua kazi. Majivu, ndimu, brashi ya kiatu, kitambaa. Honorine alishika upande mmoja, mimi mwingine. Mke wangu ana mikono yenye nguvu! Kutu ilitoka kama uji wa sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, na chini yake shaba nyekundu, yang'aa kama kaa la moto. Kitu cha kuuzia wazungu lazima kiwe safi. Nilifurahi, nakiri. Niliona uso wangu ndani yake.

Yomba alirudi jioni kutoka dukani. Alikuwa amekwenda kujaribu kengele za baisikeli, mwenye duka akamfukuza. Honorine akamtania kwamba bibi harusi mwenyewe hakuchagua gauni namna hiyo. Alikuwa bado anacheka alipouona msalaba. Akaugusa kwa kidole.

– Mulimuvula manguo, akasema.

Hakula vizuri.

Jumamosi, 11 Julai

Sitaki kuandika. Niandike hata hivyo.

Wazungu kwenye viti, sisi wafanyakazi weusi nyuma, na yomba nje dirishani maana ndani hakuruhusiwa. Piano ikauzwa. Bunduki zikauzwa. Kisha msalaba. Daktari mmoja anayekusanya vitu vya kale alikuja kwa ajili yake tu. Akauinua, akaugeuza kwenye mwanga, akacheka. Shaba ya kale ina kijani, akawaambia wenzake. Hii imetoka tanuruni wiki hii.

Watu wakacheka. Lakini mzungu mmoja wa migodini hakucheka. Aliuliza ni shaba ya nani, na imetoka wapi.

Katika mji huu mtu mweusi mwenye shaba inayong'aa ana jina moja tu: mwizi.

Bwana Constantin akanitazama. Mimi nikatazama chupa ya wino. Kulikuwa na nzi ameanguka ndani. Niliendelea kumtazama yule nzi.

Dirishani yomba akainua mkono, taratibu, kama mtu anayetaja bei.

– Ni yangu, akasema. Huyu karani sijui yeye.

Polisi wakamchukua. Viti sita vya mkangazi vikafuata. Niliandika bei zake.

Jumapili, 12 Julai

Sikwenda misa. Honorine haongei.

Jumatatu, 13 Julai

Nimempelekea bukari, ugali wetu, na samaki huko boloko, gerezani. Niliwaambia askari kuwa natumwa na watu wa kanisa. Hata pale nilimkana!

Jicho moja limevimba. Wanataka awataje wezi wenzake wa tanuruni; asipowataja, ni kiboko, kisha kifungo kirefu. Nikamnong'oneza: ngoja, nitawaambia ulipouchimba. Wakaangalie lile shimo, wataona hukuiba.

Akanikamata mkono kupitia chuma. Ndipo akaniambia yote, hata mahali penyewe. Msalaba ulikuwa juu ya kifua cha mtu. Mifupa, mtu mkubwa wa zamani, na misalaba mingine midogo penye mikono yake. Yomba alichukua ule mmoja, akafukia haraka, akachimba choo chake mbali. Tangu siku hiyo halali vizuri. Daktari yule akipajua mahali pale, watamchimbua mtu yule mzima na kumtia sandukuni.

– Hapana kubaonyesha, muipwa. Fimbo itapita, niko na mugongo. Ule muntu hana tena mugongo.

Jumanne, 14 Julai

Bwana Constantin ametia sahihi barua yangu. Alinipa mkononi, akasema mimi ni mtu mwaminifu. Nilisema asante.

Nyumbani, Honorine anaanua nguo. Akanirushia kitambaa kimoja kifuani. Maneno yake ya kwanza tangu Jumamosi: amekifua na kukifua, kijani hakitoki. Akanitazama. Ni kile tulichosugulia.

Basi shahidi yupo. Kutu ya shaba ya kale, imekaa kwenye nyuzi. Na mwenye kusugua ni mimi. Nitakipeleka polisi na kusema: ni mjomba wangu, nami ndiye niliyeuharibu msalaba. Kazi itakwenda, kadi itakwenda. Nimechoka sana, labda ndiyo maana naweza.

Lakini wataniuliza: ulichimbwa wapi? Mimi ambaye nzi katika wino alinishinda.

Nimevaa tai. Kitambaa kimo mfukoni. Atakayenitafuta asiende ofisini. Afuate reli mpaka wanapouza makaa, aulize nyumba ya Honorine, asitaje jina langu kwa sauti. Akimkosa, apande lori la Lukafu, ashuke darajani, aulize kwa Kapya. Ila asipite nyuma ya jiko, penye migomba, udongo bado ni laini, ndipo yule mtu –

Tazama. Hakuna aliyeniuliza, na nimeshaandika.