Mstari wa Kumi

Kwako Dada yangu,

Shikamoo. Naamini karatasi hii inakukuta mzima wa mwili, na shemeji naye kile kikohozi kimemwachia. Huku tu wazima. Tunakula, tunalala, tunagombana kidogo na kupatana kabla chai haijapoa. Mume wangu anakusalimu. Mama mkwe naye anakusalimu, ingawa amesema watu wenye simu kuandikiana barua ni kuharibu karatasi. Mwanao Chiriku hajambo kabisa, na jina linamfaa: akiamka tu ni kelele mpaka jirani anagonga ukuta.

Najua utajiuliza kuna nini, wakati juzi tu tumeongea. Dada, kwenye simu ningelia. Nawe ukinisikia nalia unaanza kunibembeleza kama nina miaka mitano, nami leo sitaki kubembelezwa. Nataka niseme mpaka mwisho. Nitazunguka kidogo kabla ya kufika, unanijua, lakini nitafika.

Kazini nilirudi Chiriku akiwa na majuma kumi na mawili. Bado niko meza ya kukata. Tunalaza tabaka arobaini za kitambaa, nachora kwa chaki, kisha napitisha mkasi wa umeme. Ukikosea nusu sentimita, watoto arobaini wanavaa mashati ya shule yanayowabana makwapani, kwa hiyo mimi ni mtu wa kupima. Tepu haitoki shingoni; siku nyingine nafika nayo nyumbani na mume wangu ananiuliza kama nimekuja kumpima suruali. Msimamizi wetu, yule tunayemwita Saa Mbele kwa sababu saa yake iko mbele tukiingia na nyuma tukitoka, alinipa dakika ishirini mchana za kukamua maziwa. Chumba alichonipa ni stoo ya majora ya vitambaa. Kina mlango unaofungika na taa, ila soketi ya umeme hakina.

Ndiyo maana ile likizo ilipokaribia kwisha nilikuandikia ujumbe kukuomba ushauri. Mimi na mume wangu tulikuwa tumekwenda duka la vifaa vya hospitali, na muuzaji akatupangia pampu tatu juu ya kaunta kama anauza viatu. Ya kwanza ya mkono, unaminya mwenyewe. Nilipoijaribu hewani akacheka akasema kwa dakika ishirini utajaza kijiko na kuumwa kidole gumba. Ya pili ya umeme wa ukutani, nzuri, ila ningechomeka wapi, kwenye jora? Ya tatu ya betri, inakamua matiti mawili kwa mpigo na haipigi kelele. Hiyo ndiyo niliyoitaka. Mume wangu alisimama akiitazama muda mrefu, akajikuna shingo, na nikajua tungerudi na ile ya mkono.

Nilikuuliza ushauri tu, Dada, wallahi sikukuomba kitu. Nawe ukanijibu maneno machache ambayo mpaka leo sijayafuta: "Usinunue. Ninayo ya betri. Haijaguswa."

Nilikaa kitandani na simu mkononi. Nilijua ni ipi. Nilijua uliinunua mwaka juzi, ukiwa na mimba ya miezi minane, na ulikuwa umeshapanga mpaka chupa za kuhifadhia. Nilijua mtoto alizaliwa asubuhi na jioni hakuwepo. Sote tulikuwa tukijiuliza iko wapi mashine ile na hakuna aliyethubutu kutaja. Boksi lilipofika kwa gari la mizigo, limefungwa kwa utepe wa karatasi kama jipya, nililikumbatia kabla ya kulifungua.

Mama mkwe hakufurahi. Unajua hana baya moyoni, mtoto anamlea yeye mchana kutwa na hajawahi kudai hata asante. Lakini alisema kitu kilichonunuliwa kwa mtoto aliyeondoka kisimguse aliyebaki. Nikamwambia mama, hiki kimetoka kwa dada yangu, na mkono wa dada yangu haujawahi kuniletea baya. Nilisema kwa sauti ambayo mke wa mtu hamsemeshi mama mkwe. Tulinuniana siku mbili. Mume wangu akawa anakula haraka haraka na kutoka nje kukagua bomba lisilokuwa na tatizo.

Kwa hiyo unaona, nilikuwa nimeipigania. Sasa mtu ukishapigania kitu namna hiyo utarudije nyuma kusema kinakuumiza?

Kwa sababu kiliniumiza, Dada. Tangu siku ya kwanza stoo. Nilivaa vile vikombe vya kifuani, nikawasha, na chuchu zikavutwa kwenye ule mdomo mwembamba kama kidole kinachosokomezwa kwenye pete ya mtu mwingine. Niliuma ncha ya kitenge cha sare. Nikajiambia ni mwanzo, wanawake wote huumia mwanzo. Juma la pili zilipasuka. Juma la nne maziwa yalitoka na michirizi ya damu, nikayaficha mama mkwe asione. Mwanzo nilikuwa nikipata chupa moja na nusu, ikawa moja, ikawa nusu. Nilikunywa uji, nilikunywa maji mpaka tumbo likalia kama ndoo. Nilijiona mimi ndiye mbovu. Nilifikiri mwili wangu ni wa mwanamke asiyejua kazi yake.

Nawe kila Jumapili ulinipigia, na kabla hujauliza habari ya mtu yeyote uliuliza mashine inaendeleaje. Nikakujibu inakamua kama mvua ya masika. Ukacheka. Ni kicheko ambacho sikukisikia kwako miaka miwili, nami nikakipenda, basi Jumapili iliyofuata nikakuongopea tena ili ucheke tena. Nilikuambia nimejaza friji. Nilikuambia Saa Mbele mwenyewe ameisifu kwa kutopiga kelele. Hiyo ya Saa Mbele ni kweli. Mengine yote ni uongo, na naomba unisamehe.

Maziwa yalikatika juma la nane. Siku hiyo nilikaa dakika ishirini nzima kati ya majora, mashine inavuta, chupa zote mbili kavu. Nilirudi meza ya kukata nikakata mikono ya mashati arobaini upande mmoja wote wa kushoto. Hakuna aliyenigombeza. Jioni nilipompa Chiriku titi alinyonya kidogo, akaachia, akanitazama, akageuka kumtafuta bibi yake mwenye chupa. Sasa majuma matatu anakunywa maziwa ya kopo. Yamemkubali, ananenepa, mshukuru Mungu. Ila mimi ule uso wake alipogeuka naulala nao na kuamka nao.

Juma lililopita nilimpeleka kliniki kupimwa uzito. Nesi, mama mmoja mnene wa maneno makali, akaona kwenye kadi nimeandikiwa kopo akaniuliza kulikoni. Nikamweleza. Akaniuliza kikombe ninachotumia ni namba ngapi. Nikamwambia sijui kama vina namba. Akaniuliza kitabu cha maelekezo kilisemaje. Nikasema kilipotea.

Akanyoosha kidole kifuani kwangu. "Na hiyo tepu shingoni ni ya nini?"

Alinipima pale pale, kwa tepu yangu mwenyewe. Akasema chuchu zangu zinataka namba ishirini na saba, na kwa nilivyomweleza alidhani nimekuwa nikizibana kwenye ishirini na moja. Kikombe kikibana, mirija haipitishi; titi linaona mtoto hamalizi, nalo linaacha kutengeneza. Halikuwa kosa la mashine, akasema, wala la mwili. Vikombe hubadilishwa kama viatu. Mimi, Dada, ninayepima mabega ya watoto wa watu siku nzima, sikujipima. Nilicheka mbele ya nesi yule, kisha nikashindwa kunyamaza, akanipa pamba nijifute.

Sasa nimefika nilipokuwa nakwepa.

Kitabu hakikupotea. Kilikuwemo kwenye boksi, chini ya waya wa chaji. Siku ile ile lilipofika nilikifungua, na kwa bahati kikafunguka nyuma, kwenye lile jedwali la kuandikia tarehe, saa, kiasi na maelezo. Nikaona mwandiko wako. Zile herufi zako zilizolala kushoto. Mistari tisa. Wa kwanza una tarehe ya siku ya tatu baada ya mazishi.

Ulituambia sote maziwa hayakutoka. Wanawake walikuwa wamejaa sebuleni, kila mmoja anauliza kifua vipi, nawe ukasema kikavu, na wakashukuru Mungu kwamba amekupunguzia moja. Nami nilishukuru. Nilikuwa nimekaa pembeni yako, Dada, nimekushika mkono, na nikashukuru. Kumbe ulikuwa ukienda chumbani, unafunga mlango, unakamua. Mililita thelathini. Mililita sitini. Mstari wa tisa ni mia moja na kumi. Na kwenye maelezo, mara tisa, neno lile lile moja: Nimemwaga.

Nilikifunga kama nimekuchungulia ukioga. Nikakitia sandukuni chini ya mashuka na nikaapa sitakifungua wala sitakuuliza. Nilijiambia ni heshima. Huenda ilikuwa woga. Ndiyo maana sikusoma ukurasa hata mmoja wa maelekezo, nikavaa vikombe vilivyokuwa vimefungwa kwenye mashine na kunyamaza.

Niliporudi kutoka kliniki nilikitoa. Mama mkwe alikuwa amelala na mtoto, nyumba ina utulivu wa adhuhuri. Nilisoma tangu mwanzo. Ukurasa wa sita unaeleza namna ya kupima. Pembeni, kwa kalamu ile ile, umeandika: "Hivi vidogo vinaua. Chukua 27."

Nikalimwaga boksi lote kitandani. Kule chini kabisa kulikuwa na kitu kimeviringishwa kwenye kitambaa cheupe chenye pindo la njano. Nilikiona tangu siku ya kwanza, na sikukigusa kwa sababu nilidhani ni nguo ya mtoto wako. Vilikuwa vikombe viwili. Namba ishirini na saba.

Ulikwenda kuvinunua msiba ukiwa bado mbichi. Uliingia dukani, ukasimama mbele ya muuzaji kama yule wetu, ukaomba saizi. Na uliponipakia boksi ulirudisha vidogo mahali pake ili ionekane haijaguswa, kisha ukanifichia vikubwa chini, nikivihitaji nivione. Ulijua nitavihitaji. Sisi ni kitambaa kimoja, mkasi mmoja, tangu tukivaliana magauni. Ungeniambia tu, lakini ungenitajia vikombe ungekuwa umenitajia na ile mistari tisa. Nami ningekuuliza tu, lakini ningekuwa nimekiri nimeisoma. Mficha uchi hazai, wahenga walisema. Sisi tumezaa na bado tukaficha, na tazama kilichotupata.

Sikulaumu, Dada. Nimeandika ukurasa huu mara tatu kuhakikisha neno la lawama halimo. Ninachokuomba ni kimoja: usinyamaze tena peke yako. Sitamwambia mama mkwe, wala mume wangu sijamwambia. Lakini mimi najua sasa, na nataka ujue kwamba najua. Mwanao alikuwa na maziwa yake. Yalikuja kumtafuta. Hukuwa mkavu.

Nesi anasema yangu yanaweza kurudi kidogo na yanaweza yasirudi; niendelee kujaribu siku chache, nisijiue. Basi adhuhuri ile ile nilivichemsha vile vikombe vyako, nikavivaa. Havikuuma hata kidogo. Nilikaa nikilia kwa sababu tu haviumi. Baada ya dakika thelathini kulikuwa na maziwa kwenye kitako cha chupa, ya kumwonyesha mtu kwa kuinamisha. Tangu siku hiyo sijapata tena hata tone, na nadhani ndiyo mwisho wake.

Msalimie shemeji sana. Wasalimie majirani wa pale kwako wanaonikumbuka. Mama mkwe ameamka, anasema nikuandikie kwamba yale aliyosema kuhusu boksi ameyarudisha mdomoni. Siku ile alinikuta nimelia, akaona vikombe kwenye sufuria. Alileta kijiko tu. Chiriku anakupungia mkono, au anampungia nzi, sina hakika.

Na kitabu chako nimekuwekea pamoja na barua hii, kwa sababu ni chako. Utanisamehe nimeandika ndani yake. Ulikuwa ukilalamika zamani kwamba popote uendapo mimi niko nyuma yako, mpaka mkaniita Mkia. Basi ukifika kwenye jedwali, utaona chini ya mistari yako tisa kuna wa kumi, kwa mwandiko wangu. Tarehe ya siku ile ya kliniki, saa saba mchana. Kiasi: vijiko viwili. Maelezo: Amekunywa.

Ni mimi mdogo wako,
Mkia