Turbo kwenye gari la baba

Jumamosi, Agosti 1996

Hawa majirani watanimaliza! Wiki jana gari la marehemu baba lilipanda mwinuko wa Komarock kwa sekunde arobaini, nikiwa peke yangu. Leo fundi Okoth amemaliza kufunga turbo, nikataka kupima nguvu imeongezeka kiasi gani.

Kuingia garini, namkuta jirani Mama Achieng ameshakaa mbele na mkoba wake. "Si twende?" Nyuma wamejibana wengine watatu. Nitamshushaje mama aliyemuuguza baba?

Tukapanda. Kufika juu naangalia saa: sekunde arobaini. Zilezile!

Niliporudi gereji kumlalamikia, Okoth akacheka. "Si unaona inavuta?"

Inavuta, ndiyo. Miezi minne nimejinyima nyama ninunue turbo, na nguvu yote imeenda kubeba majirani. Wameshaniambia kesho ni kanisani.