Fomu Niliyoijaza kwa Furaha

Escanaba, Michigan
9 Aprili 2019

Mpendwa Mama Mkubwa Verlene,

U hali gani huko Arizona, na nyonga inaendeleaje tangu upasuaji? Sisi wazima, ila barafu bado haijaondoka ziwani na Dale anakohoa.

Kuwa mke wake ni raha nisiyoweza kuieleza. Moyo bado unanidunda nikisikia funguo zake mlangoni akirudi kutoka kiwanda cha karatasi. Asante kwa blanketi. Tunajifunika sote wawili.

Lakini nimemkosea mama, na nataka usikie kwangu mwenyewe.

Unajua tulifunga ndoa tarehe 29 Desemba, nami nina miaka kumi na minane. Mwezi wa pili tulikaa mezani tukajaza fomu yetu ya kodi pamoja kwenye simu ya Dale. Majina yetu yalikaa bega kwa bega, nikaona kama cheti cha pili cha ndoa. Nikabonyeza kutuma, tukabusiana. Mama sikumwuliza neno.

Kumbe naye, kama kila mwaka, alikuwa ameniandika katika fomu yake kuwa mtegemezi wake, yaani mtoto anayemtunza, ili apate nafuu ya kodi. Ilikuwa haki yake: mwaka mzima nililala kwake na kula kwake, na mshahara wangu wa duka la aiskrimu uliishia kwenye simu na viatu. Ila mtoto akishajaza pamoja na mume, mzazi hawezi tena kumwandika mtegemezi. Fomu ya mama ikakataliwa, na pamoja nayo fedha za kodi alizotarajia kurudishiwa ili abadilishe mtambo ulioharibika wa kupasha nyumba joto. Majira yote ya baridi amelala na koti.

Akanipigia simu. "Hongera, Bi. Koskela. Serikali inasema sina mtoto."

"Mama, sikujua."

"Hukuuliza. Ulikuwa na haraka ya kuwa mke wa mtu."

Nililia hadi Dale akazima televisheni. "Basi tuifute fomu yetu, mpenzi," akasema. "Fungate tuliyotaka kuilipia kwa fedha za kodi itangoja. Mama mkwe akiganda, nani atanipikia pai za nyama? Wewe unaziunguza."

Jumamosi tulikwenda na mama maktaba, wanakosaidia watu kujaza kodi bure. Yule bibi wa pale akasema muda upo hadi tarehe 15. Tukaiondoa ile ya pamoja, kila mmoja akajaza yake, nami nikatia alama kwamba yupo mtu anayeniandika mtegemezi wake.

Mama alijaza yake kwa kalamu, ubavuni pangu. Palipoulizwa mtoto ameishi kwako miezi mingapi, akaandika 12. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Mwakani hapa sitakuwa na cha kuandika."

Nikaikunja fomu ya mama, nikaitia kwenye bahasha. Mpigie, tafadhali. Wewe atakuambia kama amenisamehe.

Nisalimie Baba Mkubwa Orrin na Lacey. Dale anawabusu. Mungu aitie nguvu nyonga yako na awalinde nyote.

Mwanao anayekupenda kwa moyo wote,
Marnie