Vidonge Nane Nilivyokuletea, Kabula

Kabula mpwa wangu,

Marahaba. Najua hujanisalimia, na hutanisalimia tena, lakini miaka yote uliyoishi hukuwahi kuniona bila kupiga goti na kusema shikamoo mjomba, na mimi si mtu wa kuacha salamu ya mtu ikining'inia hewani. Kwa hiyo naitikia zote ulizobakiza. Marahaba, marahaba, marahaba.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu. Watu watasema nimeandikiwa. Ni kweli niliishia darasa la tano, lakini nilikuambia sababu: mwalimu alikuja nyumbani kukiri kwamba nimemaliza vyote alivyokuwa navyo kichwani. Ulikuwa na miaka saba. Ukaenda shule kuwatangazia wenzako, mwalimu mwenyewe akakusikia, ukachapwa viboko vitatu. Jioni ulirudi ukaniambia, "Mjomba, yule mwalimu bado ana aibu."

Unakumbuka nilipokuvusha Busisi kwenda kwa bibi yako Sengerema? Siku hizo hakuna daraja, ni kivuko tu, na siku ile injini ikazimika tukiwa katikati ya maji. Ukaanza kulia. Nikakuambia ziwa hili lina adabu kwangu, niliwahi kumng'oa mamba meno mawili kwa koleo pale Kigongo kivuko kinapoanzia, na tangu hapo mamba wote wakinisikia nakohoa wanahama na watoto wao. Nikakohoa. Injini ikawaka. Fundi alikuwa chini kule anahangaika na funguo zake, lakini wewe hukumwona fundi, ulinitazama mimi. Tangu siku ile ningekuambia ng'ombe anataga, ungeuliza tu yai lake linapikwaje.

Wengine wote wananisikiliza ili wacheke. Wewe ulikuwa unanisikiliza ili ujue. Hilo nililifurahia sana, na ndilo nililokuulia.

Mwiba wa sato ulikuchoma kiganjani, chini ya kidole gumba, ukiwa unaparua samaki mwaloni. Kitu kidogo. Wewe ulifuta damu kwa kanga ukaendelea na kazi. Siku ya tatu mkono ukawa umevimba kama andazi, ukaenda zahanati, daktari akakuandikia dawa ya kuua vijidudu: kidonge kimoja mara nne kwa siku, kwa siku saba. Ishirini na nane. Akasema kwa mdomo, akaandika na kwenye cheti: usiache hata ukijisikia umepona.

Nilikunyang'anya kile cheti. Nilisema wauza dawa wote wa Mwanza wananijua kwa jina, wewe kaa upumzike, mimi na mumeo tunakwenda. Masanja akavaa viatu vyake. Mumeo alikuwa mpole mpaka inakera, na mimi nilikuwa namchukia kwa sababu hiyo tu.

Duka la dawa la kwanza, dada mmoja mwembamba alisoma cheti akaweka maboksi mawili mbele yetu.

"Zipo za aina mbili," alisema. "Hizi za boksi la kung'aa zinatoka Ulaya. Hizi nyingine ni za kawaida. Dawa ndani ni moja."

"Itakuwaje moja na bei si moja?"

"Mjomba, pale unalipia jina la kampuni. Ona, jina lenyewe la dawa ni hili dogo hapa chini, kwenye maboksi yote mawili liko sawa. Daktari ameandika hili dogo. Soma mwenyewe."

Sikusoma. Kusoma ni kitu ninachofanya nikiwa peke yangu.

Masanja akasema taratibu, "Tuchukue hizi za kawaida, mjomba. Hela tuliyo nayo inatosha dozi nzima."

Nyuma yetu kulikuwa na foleni ya watu kama sita. Nikageuka kabisa ili kila mtu anisikie.

"Wewe Masanja! Mahari yenyewe ulituletea ng'ombe waliokonda mpaka tukawashika mikono kuwasaidia kutembea. Leo mke naye unataka kumpa dawa ya kuku?"

Walicheka, Kabula. Mama mmoja alijishika ubavu. Masanja akatazama viatu vyake, masikio yamemwiva, na mimi nikajisikia vizuri. Sikufichi. Nilijisikia vizuri kama mtu aliyetoka kushiba nyama.

Ile hela iliyotosha dozi nzima ya dawa za kawaida, kwa zile za Ulaya ilitosha vidonge nane. Nikamwambia dada anikatie nane. Akarudisha boksi kwenye rafu. "Dozi sikati, mjomba. Hii si nyama ya mbuzi." Nikamwambia hajui biashara. Tukashuka mpaka kiduka kingine, kijana pale akakata kwa mkasi huku anachezea simu, hata cheti hakukiomba. Masanja alisimama nje muda wote.

Nilipokupa vile vidonge, ulivihesabu.

"Mjomba, daktari alisema siku saba."

Nikakaa kitandani kwako nikakusimulia. Nikasema hizi ndizo wanazotumia marubani wa ndege kubwa. Rubani hana nafasi ya kuumwa wiki nzima, nani ataendesha ndege? Basi Wazungu wakaketi, wakakamua nguvu ya siku saba wakaiingiza kwenye siku mbili. Rubani mmoja alinieleza mwenyewe pale uwanja wa ndege, nikiwa nimembebea sanduku.

"Na daktari aliyesema saba?"

"Daktari yule anazungumzia dawa za maskini."

Ukacheka. Ukameza cha kwanza mbele yangu.

Siku ya pili uvimbe ukashuka. Ukasonga ugali kwa mkono ule ule, ukanipakulia, mimi nikashuka grosari, kwa wanywaji wenzangu pale chini ya kilima chenu, kutangaza kwamba umepona. Sasa najua kitu ambacho hata mtoto wa shule anaweza kuambiwa akaelewa: zile siku mbili zilipiga vijidudu dhaifu, vile sugu vikabaki vinavuta pumzi. Wewe ulipona kwa juu tu. Chini mkono ulikuwa unaoza.

Masanja alianza kunipigia simu. Niliona jina lake kwenye kioo nikasema huyu anataka kukopa. Sikupokea. Siku ya saba, siku ambayo ungekuwa unameza kidonge cha ishirini na nane, alikubeba mgongoni akateremka nawe kwenye yale mawe mpaka barabarani, ndipo jirani akanifuata. Nilikukuta hospitali. Mkono umevimba hadi kwapani, ngozi imenyooka inang'aa kama tumbo la samaki, na harufu, nisamehe, nilisogeza kiti.

Daktari akatoka akauliza, "Nani alimpa dawa za siku mbili?"

Mama yako alinitazama mimi. Mimi nikamtazama Masanja.

"Mume wake," nikasema.

Masanja alikuwa ameshika beseni la matapishi yako. Akaenda kulimwaga. Kwetu mkwe hambishii mjomba wa mke mbele za watu, afadhali afe. Nililijua hilo wakati naongea.

Uliishi siku tatu zaidi. Msibani walinipa nafasi ya kusema, maana unajua hakuna anayeniweza kwa kusema. Nikasimama nikaeleza jinsi nilivyotafuta dawa ya Ulaya kwa ajili yako, na jinsi mtu fulani, simtaji, alivyotaka akununulie ya bei ya pipi. Watu wote wakageuka. Mama yako akamtemea mate miguuni. Wajomba zako wadogo wakatupa godoro lake nje, na kaburini wakamzuia asitie udongo. Aliondoka kwenda kwao Magu na mfuko mmoja wa sandarusi, matanga hayajaanuliwa. Watu wakanipa pole na soda mbili.

Mwaka ukapita. Shangazi yako, mke wangu, akashikwa na kifua, nikatumwa dawa, na safari hii nilikuwa na miwani. Yule dada mwembamba yupo bado. Hakunikumbuka. Akaweka maboksi mawili akaanza maelezo yale yale, nami nikainama nikasoma lile jina dogo, herufi kwa herufi, kidole juu yake. Kwenye maboksi yote mawili lilikuwa moja. Dada akauliza, "Baba, unajisikia vibaya?"

Nilinunua za kawaida, dozi nzima. Shangazi yako amepona, ameanza tena kunigombeza.

Sasa nawafundisha mtaa mzima. Nawaambia: mwambie daktari hali ya mfuko wako, mwombe aandike jina la dawa, si la kampuni. Dukani ulizia bei ya dozi yote, usiulizie bei ya kidonge. Isipotosha, rudi kwa daktari useme, huenda ipo nyingine inayokufaa. Usikate, usigawane na mtu, usimbakizie mgonjwa wa kesho. Wananisikiliza. Wameanza kuniita Daktari, na mimi, Kabula, nimeitika.

Hilo jina ndilo lililonitoa usingizi. Wiki iliyopita nikapanda gari kwenda Magu.

Nilimkuta Masanja jarubani, matope yanamfika magotini, anapandikiza mpunga. Aliponiona akajinyoosha, akasafisha mikono kwenye suruali.

"Shikamoo, mjomba."

Sikuweza kuitikia. Nikiwa nimesimama pale juu ya tuta na viatu vyangu vya safari nikamwambia yote, ya foleni, ya hospitali, ya msibani. Mara ya kwanza katika maisha yangu nilisimulia jambo bila kuliongeza. Nilitegemea anipige. Nilimwomba anipige.

"Nilijua, mjomba," alisema. "Nilikuwepo."

Kisha akanieleza nisichokijua. Jioni ile ile aliuza redio yake akarudi kwa yule dada, akaleta ishirini na nane za kawaida. Akakuwekea kwenye kikombe na maji pembeni. Ukakataa. Siku ya nne homa ikiwa imerudi, alikupigia magoti mwende hospitali, ukakataa pia.

"Alisema nini?" nikauliza.

"Alisema, kama zile nane zingekuwa hazitoshi, mjomba angeniletea nyingine. Akasema ngoja, atakuja." Masanja alikuwa anaangalia mpunga, si mimi. "Kila pikipiki ikipanda kilima anaamka. Anasema, fungua mlango, huyo mjomba. Nami nafungua. Siku ya tano, siku ya sita, usiku, mchana. Mpaka nikauacha wazi."

Akainama akaendelea kupandikiza.

Siku hizo zote, mpwa wangu, nilikuwa pale grosari. Ukisimama mlangoni kwenu unaliona bati lake. Nilikuwa nimekaa na watu, nawasimulia jinsi nilivyokuponya.

Jumapili naukalisha tena ukoo wote chini kama siku ya msiba, mama yako akiwa mbele, niwasomee haya. Masanja nimemwomba aje, hajasema ndiyo. Wakinitoa kwenye ukoo nitatoka.

Lala sasa, Kabula. Usisikilize pikipiki. Sikuwa nakuja.

Mimi,
Mjomba wako