Pete ya Mama Mkwe

Alhamisi, Endasak

Leo nimeharibu, tena mbele ya kidato cha tatu kizima! Asubuhi nyumbani mama mkwe aliivua pete yake ya ndoa kwa sabuni na makelele, maana imembana miaka yote. "Wewe si mwalimu wa kemia? Nenda kaing'arishe."

Darasani nikajitia kujua. Nikawaambia wanafunzi kwamba asidi ya hidrokloriki peke yake haiigusi dhahabu, na kweli haiigusi. Kisha nikaunganisha betri ya pikipiki ili viputo viondoe uchafu. Waya zote mbili nyeusi. Pete nikaiweka upande wa chanya badala ya hasi, nikageuka kuandika ubaoni.

"Madam, mbona maji yamekuwa ya njano?"

Njano ile ndiyo dhahabu yenyewe. Umeme ulikuwa unaiyeyusha pete ya watu, mimi nahangaika na chaki.

Jioni nimempigia mama shikamoo ya adabu kuliko zote, nikampa pete yake. Ikaingia kidoleni bila sabuni. Nikajua leo narudishwa kwetu Tlawi.

Akaizungusha, akacheka. "Mwanangu, nimepungua! Kumbe ile dawa ya mizizi inafanya kazi!" Akaenda kumwonyesha jirani, aliporudi akachinja kuku.

Nilitaka kusema, kweli. Lakini paja la kuku lilikuwa tayari mdomoni.

Naogopa siku atakayoipeleka kwa sonara ikapimwe. Kwa sasa, alichopungua kimo kwenye chupa ya jamu, kwenye kabati la maabara. Nimebandika karatasi: USIMWAGE. HUYU NI MAMA.