Sahani ya Petronele Imepata Mwenyewe

VYTENIS GUDELIS
Chicago, Desemba 28, 1991

Baba, mwaka umetimia tangu ufumbe macho, na haki ya Mungu uliondoka mapema mno! Siku ya Krismasi bendera nyekundu ya Wasovieti imeshushwa Moscow. Imeshushwa, Baba! Tuliruka hadi jirani wa chini akagonga dari. Mama alilia, akacheka, kisha akaufokea mkongojo wako ulioegemea mlangoni: "Vytenis, ulishindwa nini kusubiri kidogo?"

Watu wanakukumbuka kwa kiwanda cha soseji. Sisi tunajua soseji zilikuwa kisingizio tu. Faida yote iliishia kwenye taasisi yako ya sera za mambo ya nje, kusomesha vijana waliowakimbia Wakomunisti, na ramani. Loo, zile ramani! Kila shule iliyokubali uliipelekea mpya, Lithuania yetu iliyomezwa na Wasovieti ikiwa na rangi yake peke yake. Wenzetu walitutania: "Baba yenu anauza soseji na nchi ambayo haipo." Tukikusimulia ulicheka. "Waambieni soseji zitaisha, nchi itabaki."

Hukumwogopa mtu. Seneta mmoja alikuja kula kwetu, akasema, "Mzee Gudelis, mambo ya Lithuania yameshapita, tuyazoee." Ukamwongezea viazi. "Kula, mheshimiwa. Njaa ndiyo inayokusemesha ovyo." Alicheka mpaka akapaliwa, na tangu siku hiyo akawa rafiki yako.

Ulikuwa mpole, ila kwa jambo moja. Mkesha wa Krismasi nyumba zetu huandaa sahani moja tupu yenye mshumaa, kwa ajili ya marehemu wa familia. Yako haikuwa na mshumaa. Ilikuwa ya mdogo wako Petronele, mliyepotezana naye wakati wa vita, akapelekwa Siberia, barua zikakatika. Profesa mgeni alipoiona akakupa pole. "Pole yako irudishe mfukoni, profesa. Huyu kachelewa tu."

Mwaka fulani Mama alikata tamaa, akawasha mshumaa, akasema yatosha, tumwombee apumzike. Uliuzima kwa vidole. "Elena, usimzike dada yangu nami nipo mezani."

Basi sikia! Oktoba hii simu ililia. Sauti ya bibi, Kilithuania cha kizamani: "Hapo ni kwa Vytenis? Mwambie ni Petronele." Furaha na uchungu vilinijia pamoja, nikawa sijui nianze na kipi. Nilipomwambia kuwa umeshafariki, akasema, "Nakuja hivyo hivyo."

Na amekuja! Mfupi, mkali, anabishana na televisheni kama wewe. Mkesha wa Krismasi tulimkalisha penye sahani yake. Akaigusa ukingo.

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote, wifi," Mama akamwambia. "Na ole wake aliyembishia."

Jinsi tulivyofurahi! Tulimjazia samaki, uyoga, maharage, wote tukiongea kwa wakati mmoja, hakuna anayemsikiliza mwenzake. Mara Shangazi akaweka uma chini, akatazama meza upande huu na huu.

"Na ya kaka iko wapi?"

Tukatazamana. Kwa kumpokea yeye, tulisahau kukuandalia wewe. Mama akainuka mbio kwenda kabatini, lakini Shangazi akamshika mkono.

"Acha, wifi. Utotoni tulikula sahani moja, na yeye ndiye aliyekuwa akinimalizia chakula. Nileteeni mshumaa."

Akausimamisha pembeni mwa chakula chake, akauwasha mwenyewe. Akaendelea kula, taratibu, akikuachia nusu.

Safari hii hakuna aliyeuzima.

Wanaokukumbuka ni mkeo Elena, wanao Rasa, niliyeandika haya, na Jurgis, mkweo Linda, wajukuu zako Algis na Vida, na Petronele, mdogo wako, aliyeomba jina lake liwe la mwisho kwa kuwa ndiye aliyechelewa.

Hatutakusahau milele, Baba.